Mwenye Nyumba Hajafa

Baba yangu alikufa mwezi wa nane, akarudi mwezi wa kumi. Hivyo ndivyo ilivyosemwa nyumbani kwetu Kalemie, mchana kweupe, mbele ya majirani na masufuria ya bukari, yaani ugali, na hakuna aliyecheka. Mimi nilitaka kucheka, nikajizuia. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimetoka kufanya mtihani wa diploma, najiona nimesoma kuliko ukoo mzima.

Desturi ya upande wa baba ni hii. Mtu mzima akifa, jina lake haliachwi lianguke. Ukoo unachagua mtu wa damu yake, mdogo wake au mtoto wa dada yake, wanamvika nguo za marehemu, wanampaka pemba, ule udongo mweupe, kwenye paji la uso na viganja, kisha wanamnywesha maji kwa kikombe cha marehemu. Akishameza, yeye ndiye marehemu. Jina lake la zamani linawekwa chini na halitajwi tena. Watoto wa marehemu wanakuwa watoto wake, na mke anakuwa mke wake. Wanasema wanafanya hivyo ili kifo kisibaki juu ya mjane, na wengine wanasema hivyo kwa moyo safi kabisa. Sitaki kuwasingizia wote.

Kwetu aliyechaguliwa alikuwa mdogo wa baba, mvuvi wa Zongwe, mtu wa miaka thelathini hivi, bado hajaoa. Tulizoea kumwita baba mdogo. Alikuwa mpole wa kupita kiasi. Akitutembelea alikaa karibu na mlango, ukimpa kiti anashukuru mara tatu. Siku ile, baada ya misa ya siku arobaini, shangazi, dada mkubwa wa baba, alimvika shati la baba la mistari na mkanda wake wa ngozi. Baba alikuwa mnene na huyu alikuwa mwembamba. Nilingoja shati limvae kama gunia ili nipate sababu ya kucheka. Shati likamkaa sawasawa.

"Mukuje mumusalimie papa yenu," shangazi alisema.

Wadogo zangu wawili wakaenda, wakapiga goti, wakasema, "Jambo, papa." Zamu yangu ilipofika nilisema, "Jambo, baba mudogo." Shangazi akanishika bega, si kwa nguvu, akaniambia niseme tena, niseme vizuri. Nilimtazama mama yangu. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, kichwa kimenyolewa, hatazami mtu. Nikasema, "Jambo, papa." Mpaka leo sijajisamehe kwa lile neno, ingawa nilikuwa mtoto na nilikuwa peke yangu.

Wakati wa kula baba mdogo na mama waliwekewa samaki, mgebuka mzima. Baba yangu alikuwa na tabia moja: alitoa nyama ya shavu la samaki kwa kidole, akaiweka ukingoni mwa sahani kwa ajili ya mama. Hakuifanya mbele ya wageni. Ilikuwa siri ya watu wawili, nasi watoto tulijifanya hatuoni. Yule mtu alikula kimya, kisha akatoa nyama ya shavu, akaisukuma ukingoni mwa sahani, akaiacha hapo. Mama aliiona. Alinyanyuka akaenda jikoni, na nilipomfuata nilimkuta anaosha kikombe ambacho kilikuwa safi.

Sasa niseme kuhusu nyumba, kwa sababu vita vyote vilikuwa vya nyumba. Iko juu, mlimani, unaona ziwa lote. Mama aliijenga kabla sijaanza shule. Namaanisha aliijenga: alikanyaga udongo, akafyatua matofali, akakesha na tanuru akiyachoma, mikono yake ina alama za moto huo hadi leo. Baba alileta mabati na mlango. Lakini mama alipokwenda kuandikisha kiwanja, karani alimuuliza mume wake yuko wapi. Siku hizo sheria ilisema mwanamke mwenye mume hafanyi jambo kama hilo bila ruhusa ya mume. Basi baba akaenda, akatia sahihi, na karatasi ikatoka kwa jina la baba. Hawakugombana. Wakati ule nani angegombana?

Na ndoa yao? Mahari ilitolewa, mbuzi, majembe na vitenge, pombe ikanywewa pande zote mbili. Lakini kwenye biro ya etasivili, ofisi ambako ndoa ya nyumbani inatakiwa kupelekwa iandikwe, hawakufika. Mama alimwomba baba zaidi ya mara moja. Baba alimjibu kwa upole, "Nani hajui kama weye njo bibi yangu?" Na ni kweli, watu wote walijua kwamba yeye ndiye mke wake. Walijua mpaka asubuhi aliyokufa.

Leo kazi yangu ni kujaza karatasi za wanawake wanaokwenda mahakamani, na kila mara hasira hii inanirudia upya. Mama yangu alipotaka kiwanja, alikuwa mke wa kutosha kuhitaji ruhusa ya mume. Mume alipokufa, hakuwa mke wa kutosha kubaki ndani ya nyumba. Ile sheria ya ruhusa imefutwa, lakini katika sheria mume bado ameandikwa kuwa ndiye kichwa cha nyumba. Watu husema sheria na desturi haziivi chungu kimoja. Nyumbani kwetu ziliiva vizuri sana, maana zote mbili zilipofika mlangoni ziliuliza swali lilelile: mwanaume yuko wapi?

Juma moja baada ya siku ile ya shati, ukoo ulikuja kugawa. Shangazi aliongoza. Nimesema sitaki kusingizia, kwa hiyo niseme na lake. Ziwa lilikuwa limepanda mwaka ule, limemeza barabara za chini, na nyumba aliyokuwa akiishi ilikuwa ndani ya maji. Nilikwenda kuiona. Ungeweza kupita na mtumbwi ukaona milango iko wazi, maji yamelala kimya chumbani na kalenda bado imetundikwa ukutani. Tena yeye mwenyewe alipofiwa na mume, wakwe walimfukuza. Alitusimulia siku hiyohiyo, mbele ya wote, akishika kitenge alichovaa: "Miye nilitoka na kikwembe kimoja. Yeye njo nani asitoke?" Aliona ni haki. Mtu aliyepigwa na fimbo anaweza kuipenda hiyo fimbo.

Walihesabu viti, kitanda, redio na mabati. Walipofika kwenye nyumba yenyewe, shangazi alimwambia mama arudi kwao kwa amani, na sisi watoto tungetafutiwa pa kukaa. Mama, ambaye tangu msiba alikuwa hajasema zaidi ya ndiyo na hapana, akainua kichwa.

"Shangazi ya batoto," alisema, "juma lililopita mulimunywesha huyu maji mbele ya bantu. Mulisema bwana yangu amerudi, na miye nikapokea. Mwenye nyumba hajafa. Iko palepale amekaa. Sasa munagawa nini?"

Nilisikia bati likilia kwa joto la jua. Mjomba mmoja mzee wa baba akaanza kucheka, akaziba mdomo kwa kofia. Walitazamana, wakamtazama yule mwenye shati la mistari, naye alikuwa anatazama chini. Wangesema baba amekufa, wangeitukana pemba waliyompaka wenyewe. Waliondoka kabla ya chakula, na kwetu mgeni haondoki kabla ya chakula. Mama alisifiwa mtaa mzima. Hata mimi nilimsifu. Hatukujua kwamba alikuwa amejifunga kwa kamba yake mwenyewe.

Kwa sababu mwenye nyumba alibaki.

Najua msomaji anauliza, kwa hiyo naandika: hakumgusa mama. Alilala kwenye mkeka sebuleni, mama alitundika kitenge kati ya sebule na chumba, na kitenge hicho hakikusogezwa. Lakini katika mambo mengine yote alianza kuwa baba, na hapo ndipo mwili wangu ulipoanza kusisimka mchana, jua likiwaka. Alikohoa mara mbili kabla ya kuingia, kama baba. Redio ya baba ilikuwa mbovu, haikukamata sauti isipokuwa ukiiinamisha kwa namna fulani dirishani, na namna hiyo hata mama hakuijua. Siku ya tatu aliichukua, akaiinamisha, nayo ikasema. Aliacha kwenda ziwani. Tumbo lilianza kumtoka. Siku moja nilikuwa nachambua sombe, majani ya muhogo, nje, akapita, akasimama nyuma yangu akauliza, "Ile hesabu ya mwisho ya mutihani, uliipata?"

Hesabu hiyo nilimweleza baba peke yake, kitandani mwake, siku mbili kabla hajafa. Hakukuwa na mtu mwingine chumbani. Nilibaki nimeshika majani. Nilimjibu kwamba sikuipata, akasema si kitu, akaingia ndani. Nilitaka kumchukia, sikuweza. Kuna dakika moja, na ninaona aibu kuisema, ambapo nilifurahi.

Mama alibadilika pia. Mwanzoni aliigiza, nilijua anaigiza, tena alinikonyeza. Kisha kukonyeza kukaisha. Alikuwa akiuza maharagwe kutoka Moba, na siku moja nilimkuta amesimama mbele ya yule mtu, mikono amefumbata, anamwomba ruhusa ya kwenda kuyafuata. Yule mtu, macho kwenye redio, akasema hapana, mtumbwi ule haufai. Mama akasema, "Ndiyo, papa," akafungua mzigo aliokuwa ameshaufunga.

Nilimfuata jikoni nikamfokea. "Mama, unaomba ruhusa kwa maiti!"

"Na nyumba," alinijibu, "niliiombea ruhusa kwa nani?"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa: ili paa libaki juu ya vichwa vyetu, mtu mmoja ilibidi awe hajafa, na mama ilibidi amtii.

Miezi ikapita. Halafu shangazi akarudi, safari hii ametabasamu, ameongozana na mwanaume aliyevaa viatu vya kung'aa, mfanyabiashara kutoka Manono, anayetaka nyumba ya mlimani ambayo ziwa halitaifikia. Shangazi alikaa, akakubali maji, akanywa, kisha akamwambia mama, "Ulisema mwenye nyumba hajafa. Ulisema kweli. Mwenye nyumba anauza."

Hapo ndipo nilipoona kamba yenyewe. Kichwa cha nyumba yuko hai, kiwanja kina jina lake, naye anauza apendavyo. Yule wa Manono alitaka kwanza kuona sahihi, maana alikuwa na nakala ya karatasi ya kiwanja mkononi na si mjinga. Shangazi akanyang'anya daftari la mdogo wangu, akampa yule "mwenye nyumba" kalamu.

Baba mdogo alisoma miaka mitatu tu. Alishika kalamu kwa ngumi nzima, kama mtu anayeshika kasia. Kisha vidole vyake vikalegea, vikajipanga, akaandika sahihi ya baba yangu kwa mkupuo mmoja, na ule mkia wa mwisho unaopinda chini kisha unarudi. Nilikimbia chumbani nikaleta karatasi yangu ya matokeo ya shule ambayo baba aliitia sahihi. Tuliziweka pamoja mezani. Hazikuwa na tofauti. Hata shangazi aliuondoa mkono wake mezani haraka. Mfanyabiashara ndiye pekee aliyeridhika, akasema atarudi baada ya siku nane na karatasi za kuuziana.

Yule aliyeandika alikuwa anatazama mkono wake.

Asubuhi iliyofuata mama alinichukua tukashuka kwenda biro ya etasivili. Hakuomba ruhusa. Nyuma ya meza kulikuwa na mama mmoja wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi, aliyeonekana amechoka na watu wote waliowahi kuoana. Alimuuliza mama shida yake. Mama akasema anataka kuandikisha ndoa.

"Bwana yako iko?"

"Iko."

"Iko wapi?"

"Nyumbani. Anasikiliza redio."

"Basi mumulete, mutie sahihi wote wawili, tumalize."

"Haiwezekane," mama alisema. "Alikufa mwaka jana."

Yule mama aliweka kalamu chini. Alimtazama mama, akanitazama mimi, kisha akainuka akafunga mlango. Aliporudi hakuwa amechoka tena. Alijua kabisa tunasema nini, kumbe hatukuwa wa kwanza. Alituambia polepole, kama anayefundisha, kwamba sheria ilikuwa upande wetu: watoto wa marehemu ndio warithi wa kwanza, na mke aliyebaki ana haki ya kukaa ndani ya nyumba yake mpaka afe. Lakini sheria haimwoni mke wala mtoto, inaona karatasi. Kulikuwa na njia moja. Mahakama inaweza kutoa hukumu kwamba ndoa ilikuwepo kweli, hata kama mume ameshakufa. Inataka shahidi.

"Muntu wa upande wa bwana," alisema. "Asimame pale kwa tribinali, aseme: huyu mama alikuwa bibi wa ndugu yangu, na ndugu yangu alikufa. Aseme vile, kwa mudomo wake. Alikufa."

Mama akauliza kama hakuna njia nyingine. Hakukuwa na njia nyingine. Na hapa naomba mtu asiniambie kwamba sheria inamtetea mwanamke. Ilimtetea, ndiyo, lakini ilimtuma kwanza akamtafute mwanaume wa kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Tulipanda mlima. Katika ukoo ule wote, mashahidi wengine walikuwa watu wa shangazi. Alibaki mmoja tu, naye alikuwa ndiye maiti.

Tulimkuta amekaa palepale. Mama hakumwita papa. Alikwenda uani, akachukua kipande cha wavu wa zamani uliokuwa unafunika kuku, akachana tundu moja kwa kisu, akamwekea magotini pamoja na uzi.

"Shona," alimwambia.

Mtu wa Zongwe anashona wavu kabla hajajua kusoma, hatazami hata mikono yake. Yeye alichukua uzi akaupitisha tundu la kwanza, akasimama. Akaugeuza. Akajaribu tena. Vidole vilikuwa laini, vya mtu wa biro, vya baba yangu aliyefanya kazi ya ukarani bandarini maisha yake yote, na havikujua fundo. Alijaribu mpaka jasho likamtoka. Kisha akauacha wavu ukaanguka, akalia, na alipolia sauti ilikuwa yake, ile ya zamani, nyembamba, ambayo sikuwa nimeisikia tangu mwezi wa kumi.

"Yaya," alimwambia mama, kama alivyokuwa akiwaita wakubwa wake wote wawili, mama na baba, wakati baba yuko hai, "miye niko wapi?"

Niliogopa kuliko nilivyoogopa sahihi. Siku zote nilidhani kuna mtu aliyetuingilia nyumbani. Sikuwa nimefikiri hata mara moja kwamba kuna mtu aliyekuwa anaondolewa, kidogo kidogo, na kwamba hakuna aliyemuuliza kama anataka.

Mama alikaa chini mbele yake akamweleza yote, mahakama, shahidi, neno lenyewe la kusema. Alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema kwamba akilisema, hana pa kurudi. Anayetupa jina alilonyweshwa hapewi tena lile la kwanza, Zongwe hawatampokea, watampita njiani kama hawamwoni. Hakuwa analalamika. Alikuwa anaeleza tu jinsi mambo yalivyo, kama mtu anayekueleza bei ya mtumbwi.

"Ninajua," mama alisema. "Sikulazimishe. Ninakuomba."

Kwa siku tano alikaa na uzi ule, akijaribu fundo.

Siku ya sita tulikwenda mahakamani asubuhi. Yule mama wa etasivili alikuwa ametusaidia kuandika ombi. Shangazi alikuwa ameshapata habari, amekaa benchi la mbele na wajomba wawili wa baba. Baba mdogo alikuja amevaa shati la mistari kwa sababu hakuwa na lingine. Jaji alikuwa kijana, mafaili mengi mbele yake, haraka nyingi. Alimwita asimame, akamuuliza yeye ni nani.

Alikohoa mara mbili. Nilimshika mama mkono, kwa sababu kile kilikuwa kikohozi cha baba, na nilijua jina litakalofuata. Jaji aliuliza tena bila kuinua macho. Nilimwona yule mtu anatafuta, nilimwona kabisa, kama mtu anayepapasa ndani ya gunia refu. Halafu akataja jina lake. Lile la Zongwe, la ubatizo wake. Alilitaja kwa sauti ndogo, na jaji akamwambia alirudie, na mara ya pili lilisikika mpaka nje.

"Yaya yangu alikufa," alisema. "Nilimubeba miye mwenyewe, upande wa kichwa. Huyu mama alikuwa bibi yake. Mahari tulitoa wote."

Shangazi alisimama. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Alijifunika kichwa kwa kikwembe kama mtu anayetoka msibani, akaelekea mlangoni. Alipita karibu na mdogo wake kiasi cha kumgusa, macho yake yakapita juu yake yakatazama ukuta. Wajomba walimfuata, nao pia hawakuona mtu pale. Kwa wiki zote zilizofuata ndivyo ilivyokuwa. Akishuka sokoni, watu wa ukoo waliendelea na maongezi yao huku wakimpita pande zote mbili. Mmoja alimkanyaga mguu na hakugeuka. Alikaa kwetu kwa sababu hakukuwa na mahali pengine, na mfanyabiashara wa Manono, alipoambiwa mwenye sahihi si mwenye nyumba, alikwenda kutafuta nyumba nyingine.

Hukumu ilitoka, ikapelekwa etasivili, na mchana mmoja nilipanda mlima na karatasi yenyewe ndani ya bahasha. Mama hasomi vizuri Kifaransa. Aliniambia nimsomee, nisiruke neno, nikamtafsiria mstari kwa mstari hapo mlangoni. Kwamba fulani alimwoa fulani, kwa desturi, mbele ya familia mbili. Kwamba mume amefariki. Mihuri, sahihi, tarehe ya leo. Ilikuwa karatasi moja, ukurasa mmoja. Mama alikuwa ameishi na baba miaka ishirini na mbili, na mbele ya serikali aliolewa na kufiwa siku ileile, kati ya mstari wa tano na wa tisa.

Nilidhani atafurahi. Nyumba ilikuwa imepona. Alichukua karatasi, akaikunja, akaiweka kifuani. Kisha akakaa chini kwenye kizingiti, akanyoosha miguu, akafungua kitambaa cha kichwa, akaanza kulia kwa sauti, ule mlio wa siku ya kwanza, unaoita watu. Mwezi wa nane hawakumwachia alie ashibe, mwezi wa kumi walimwambia mume amerudi. Sasa alikuwa amepewa ruhusa kwa mhuri. Hakuna hata mmoja wa ukoo wa baba aliyekuja, isipokuwa yule aliyekuwa uani. Alitoka, akaketi kwenye ngazi karibu naye, mikono juu ya kichwa, kama ndugu wa marehemu anavyokaa.

Mama mmoja alikuwa anapanda njia na beseni la ndagala, wale dagaa wa ziwa, kichwani. Si wa mtaa wetu, hakutujua. Aliposikia kilio alisimama, kama mtu yeyote anavyosimama.

"Poleni, jameni," alisema. "Nani alikufa?"

Mimi nilikuwa bado natafuta jinsi ya kumweleza.

"Njo miye, mama," yule wa kwenye ngazi alimjibu.

Yule mama akateremsha beseni, akavua viatu, akaja akakaa nasi kulia.